Maswali ya wasomaji: mdundo mnene ndani ya gari ya spoti

Safari hii nimekusanya barua za wenye gari za spoti peke yao, maana shida zao hazifanani na za mtu mwenye gari ya familia. Kwao nafasi hakuna, kila kilo inasikika kwenye kona, na injini inanguruma karibu kabisa na sikio. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho mtu anatakiwa kupanga kabla hajanunua hata skrubu moja.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Nissan 350Z na nataka muziki mnene. Washkaji wananiambia nichukue sabufa mbili za inchi 12 na ampu iliyoandikwa wati 2000, boksi lijae buti lote. Mimi gari naipenda kwa kuiendesha, sitaki iwe nzito nyuma na buti nalihitaji kwa begi. Nianzie wapi? – *Mwenye Z*

JIBU: Nzuri kaka. Kabla ya kwenda dukani chukua tepu ya kupimia, ingia ndani ya gari ukae humo hata nusu saa unapima tu na kuandika. Gari yako buti yake haijatengwa na sehemu ya abiria, hewa ni moja, kwa hiyo sabufa ikikaa popote kule nyuma mdundo unakufikia moja kwa moja bila kupita kwenye bati. Hilo ni zuri sana na wenye gari nyingi hawana. Halafu lile chuma nene linalokatiza buti upande hadi upande limewekwa pale kuikaza bodi, usikubali mtu alitoe wala alikate eti boksi lipate kuenea. Na nyuma ya siti ya dereva, kwa zile zilizotoka kiwandani na muziki wa Bose, kuna sehemu iliyoachwa maalum kwa sabufa, kaangalie kama yako ni mojawapo, maana Nissan wenyewe walishakuonyesha pa kuanzia.

Sasa kuhusu ukubwa. Washkaji zako wanafikiria kama wanajaza ukumbi, lakini gari ndogo iliyofungwa vioo ina msaada wake yenyewe kwenye besi. Mawimbi ya besi yakishapita urefu wa chumba mara mbili hayana pa kusafiri, spika inakuwa inabana na kuachia hewa yote ya ndani kwa pamoja, na kadiri mdundo unavyoshuka chini presha inazidi kupanda. Msaada unaanzia wapi? Chukua mwendo wa sauti, mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa ndani mara mbili. Ndani kukiwa na mita 2 unapata kama 86 Hz (mitetemo kwa sekunde), ndani kukiwa na mita 3 na nusu unapata 49 Hz. Yaani gari fupi inaanza kukubeba mapema kuliko gari ndefu, na kwa hesabu ya kwenye karatasi msaada huo unafika desibeli 12 kwa kila oktava unayoshuka (yaani kila Hz zinapopungua nusu), ingawa kwenye gari halisi unapungua kwa sababu milango inavuja na vioo vinatikisika.

Boksi lililozibwa pande zote, lisilo na bomba, nalo linapoteza hizo hizo desibeli 12 kwa oktava likishapita chini ya uwezo wake. Huku linapungua, huku gari inaongeza, matokeo yake unapata besi iliyonyooka mpaka chini kabisa kutoka kwenye boksi dogo. Ndiyo maana kwenye gari ya viti viwili mimi nasimama na boksi la kuziba. Boksi la bomba lina kelele zaidi kwa wati zile zile, sikatai, lakini ni kubwa zaidi, chini ya pale bomba lilipotegwa linaporomoka desibeli 24 kwa oktava, na ndani ya gari fupi mara nyingi linavimba sehemu moja halafu kila wimbo unasikika una besi ya aina moja.

Kwa hiyo sabufa moja ya inchi 10, ampu ya kati ya wati 300 na 500 za RMS, yaani zile inazoweza kutoa mfululizo. Angalia RMS tu, ile namba kubwa ya kwenye boksi la ampu isikusumbue, ni ya mapambo. Ukiongeza ya pili ya aina ile ile na ukaongeza na nguvu mara mbili unapata desibeli 6, wakati sikio la mtu linahitaji kama desibeli 10 ndiyo liseme sauti imekuwa mara mbili. Uzito nao fikiria: boksi la MDF (ubao wa unga wa mbao uliokandamizwa) ya milimita 18 lenye sentimita 40 kwa 40 kwa 22 kwa nje linakupa lita 24 hivi ndani na linakaribia kilo 8 tupu, lakini lile la inchi 12 mbili, na sumaku zake, linaweza kupita kilo 40, na zote ziko nyuma ya ekseli ambako hata breki ya kona utaisikia tofauti. Kilo ukiziweka nyuma ya siti, katikati ya gari, hazisumbui kama zile ulizozibandika karibu na bampa.

Kama nafasi ina umbo la ajabu, kwa mfano pembeni ya buti juu ya tairi, hapo ndipo faibaglasi inapoingia. Unafunika sehemu yote na masking tepu na foili ili resini isishike kwenye gari, unalaza mati ya faibaglasi tabaka la kwanza na la pili palepale ndani, ikikauka unaitoa kama ganda, unaendelea na matabaka nje ya gari mpaka unene ufike kama milimita 6. Resini ile ina harufu kali na mvuke wake unashika moto, fanya kazi sehemu ya wazi, vaa maski ya kemikali na glavu. Uso wa mbele tumia pete ya MDF, vuta kitambaa, pakaa resini, basi. Swali ambalo kila mtu anauliza ni utajuaje lita za kitu kilichopinda namna hiyo, na jibu ni rahisi: ganda likishakauka vizuri mimina maji kwa chupa ya lita moja moja huku unahesabu, halafu toa nafasi itakayoliwa na mgongo wa sabufa. Namba utakayopata ilinganishe na karatasi ya mtengenezaji. Sabufa nyembamba za inchi 10 nyingi zinaridhika na lita 12 hadi 17, za kawaida zinataka zaidi kidogo.

Boksi lifungwe kwa bolti. Sio mkanda wa velkro, sio kubanwa na begi. Gari ikigonga, kitu cha kilo 20 nyuma ya kichwa chako kinaendelea na mwendo ule ule uliokuwa nao. Tumia matundu yaliyopo tayari kwenye bodi lakini usiguse bolti za mikanda ya usalama, na kabla hujatoboa popote lala chini ya gari uone kuna nini upande wa pili, maana tangi la mafuta na mabomba ya breki vinapita maeneo hayo hayo. Na waya wowote wenye soketi ya njano uache ulivyo, hizo ni za eabegi.

Jambo la mwisho kwako, koili, yaani ule waya uliozungushwa ndani ya sabufa unaopokea umeme wa ampu; ukinzani wake unapimwa kwa omu. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 ukiziunga sambamba inakuwa omu 2, ukiziunga mfululizo inakuwa omu 8. Chagua sabufa na ampu siku moja, ukijua ampu inatoa wati ngapi kwenye omu utakayoitumia.

SWALI: Mdundo ukipiga taa za mbele zinafifia na mshale wa volti unacheza. Nimeambiwa ninunue kapasita. Ampu yangu ni ya wati 500. – *Taa zinakonyeza*

JIBU: Kapasita usinunue kwanza. Haitengenezi umeme, inatunza kidogo sana na kurudisha, na ikishaisha nayo inataka kujazwa na alteneta ile ile iliyoelemewa.

Tupige hesabu pamoja. Ampu ya daraja la D inafikisha karibu asilimia 80 ya umeme kwenye spika, kwa hiyo wati 500 zinataka wati 625 kutoka kwenye gari, na injini ikiwa inazunguka una kama volti 13.8, hapo ni ampea 45 mdundo ukiwa juu kabisa. Ampu ya daraja la AB kwa kazi hiyo hiyo itakula karibu 60. Sasa angalia waya wako. Geji 4 ya shaba tupu, urefu wa mita 5, ampea 45 zikipita unapoteza kama volti 0.2, geji 8 unapoteza kama 0.5, na hapo bado upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi. Halafu kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unauzwa kwa jina la geji ile ile na kwa macho huwezi kuutofautisha mpaka ukwangue nyuzi zake, ndani ni nyeupe. Huo kama unao panda saizi moja au mbili juu, ama uubadilishe kabisa, mimi ningebadilisha.

Kitu kingine ni fyuzi. Ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na ukubwa wake ufuate waya, maana kazi yake ni kulinda waya usiwake moto ukikwaruzwa na bati mahali fulani chini ya kapeti. Ukiona mtu ameweka fyuzi karibu na ampu peke yake, mita zote zile nyuma yake hazina ulinzi. Pima betri, safisha vichwa vyake, ongeza waya mnene kutoka alteneta kwenda betri na kutoka betri kwenda bodi na bodi kwenda injini. Mara nyingi taa zinatulia hapo. Zikikataa basi alteneta yenyewe ni ndogo au imechoka, ipimwe.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mazda MX-5 ya toleo la kwanza. Paa likiwa limefungwa muziki mtamu, nikilifungua mdundo wote unapotea na nabaki nasikia twita tu, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Sabufa iko kwenye buti. Kuna dawa? – *Dada wa paa wazi*

JIBU: Marahaba dada yangu. Ule msaada wa gari ndogo niliomweleza mwenye Z, wewe ukifungua paa unautoa nje na upepo. Hakuna chumba tena cha kubana hewa. Na kwenye MX-5 buti imetengwa na ukuta wa bati, kwa hiyo hata paa likiwa limefungwa sabufa yako inafanya kazi nusu, nyingine inatikisa namba ya gari.

Itoe huko. Wengi wenye MX-5 wanaweka sabufa nyembamba ndani ya boksi jembamba chini ya dashibodi upande wa abiria, pale mbele kabisa kwenye kona, abiria anaweka miguu juu ya kava. Ukaribu wake na wewe ndio dawa yenyewe. Halafu pesa na nguvu zako zielekeze kwenye milango. Upepo unafunika besi ya juu na sauti za kati kuliko unavyofunika twita, kwa hiyo unahitaji spika za mlango zenye uwezo wa kupiga kwa nguvu kutoka 80 Hz kwenda juu bila kuchana. Bandika mati ya butili (mpira mzito wa kunata) kwenye bati la nje la mlango, haihitaji kufunika lote, robo ya bati ikibandikwa katikati ya sehemu zinazolia inatosha kunyamazisha mlio wa bati, kisha ziba yale matundu makubwa ya bati la ndani ili mgongo wa spika usivujie mbele. Kazi hii ya milango watu wanairuka kwa sababu haionekani, na ndiyo inayobadilisha muziki kuliko kitu kingine chochote utakachofanya siku hiyo. Matundu ya maji chini ya mlango usiyazibe.

Una bahati moja, betri ya toleo lako iko kwenye buti, kwa hiyo ukiweka ampu huko waya wa umeme unakuwa mfupi sana. Na ukipata prosesa ya sauti, kifaa cha kupanga sauti kabla haijafika kwenye ampu, yenye kumbukumbu mbili, weka moja ya paa limefungwa na nyingine ya paa wazi yenye besi iliyoongezwa, ubadilishe kwa kitufe.

SWALI: Nikikanyaga mafuta kuna mlio mwembamba kwenye spika unapanda na injini. Nikizima muziki bado upo. – *Mluzi*

JIBU: Ni alteneta inaingia kupitia ethi. Ethi ya ampu iwe fupi, chini ya nusu mita, imefungwa kwa bolti kwenye bati la bodi lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Kisha waya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio kwenda ampu, zipite upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine. Kama bado, chomoa RCA kwenye ampu: mlio ukikata basi shida iko mbele kwenye redio au kwenye njia ya waya, ukibaki shida ni ampu au ethi yake.

SWALI: Gari yangu ni mpya, redio na skrini ni kitu kimoja, siwezi kubadilisha. Nimeunga ampu kwenye waya za spika za kiwandani lakini kadiri ninavyoongeza sauti besi inapungua! – *Skrini moja*

JIBU: Hujakosea kuunga. Redio nyingi za kiwandani zimepangwa zipunguze besi sauti ikipanda ili zisipasue spika zake ndogo, na ampu yako inapokea kile kile kilichokwisha kupunguzwa. Unahitaji prosesa ya sauti inayopokea waya za spika, inajumlisha sauti zilizogawanywa na kunyoosha ule mstari. Kuwa makini na kitu kimoja, gari nyingine za spoti, Toyota GR86 ikiwemo, zinapiga mngurumo wa injini kupitia spika, na ukiweka ampu kubwa mngurumo ule nao unakua. Zuia kwanza au ujue unazimwa wapi kabla hujaanza kupanga sauti.

SWALI: Nimefunga kila kitu vizuri ila besi naisikia kabisa inatokea nyuma yangu. Nataka ionekane inatoka mbele kama kwenye gari za mashindano ya sauti. – *Mbele kwa mbele*

JIBU: Hapa ndipo raha yenyewe ilipo na hapahitaji kununua sana, panahitaji uvumilivu.

Anza na geini ya ampu, kile kitufe cha kuoanisha ampu na redio, ambayo sio volyumu. Chomoa sabufa, cheza toni ya majaribio ya 50 Hz, volyumu ya redio iwe pale juu unapofika ukiwa na furaha lakini bado haichani, besi busti zote sifuri, multimita weka kwenye volti za AC kwenye matokeo ya ampu. Namba unayoitafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Wati 500 kwenye omu 2 ni kipeuo cha pili cha 1000, yaani volti 31.6. Ikifika hapo acha. Ukipitisha, ampu inaanza kukata vichwa vya mawimbi, na huko ndiko koili nyingi zinakoungulia, watu wanadhani sabufa ilikuwa feki.

Baada ya hapo krosova, yaani kichujio kinachogawa sauti za chini na za juu. Sabufa ikatwe 80 Hz kwenda juu, hata 70 kama spika za mlango zinaweza, kwa mteremko wa desibeli 24, na spika za mlango zikatwe hapo hapo kwenda chini. Sikio la binadamu linashindwa kujua besi ya chini inatoka wapi, kinachokusaliti ni sauti za juu zaidi zinazotoroka na sabufa pamoja na vitu vinavyogongagonga nyuma. Cheza toni inayopanda polepole kutoka 20 hadi 100 Hz, mtu akae nyuma anashika kila plastiki mpaka ajue ipi inalia, bandika sponji.

Kisha muda. Wewe umekaa upande mmoja, mlango wako uko tuseme sentimita 90 kutoka kwenye sikio na wa abiria 140. Sauti inakwenda sentimita 34.3 kwa milisekunde, kwa hiyo ule wa karibu unaucheleweshea 1.5 hivi, na ghafla mwimbaji anahama kutoka gotini kwako anasimama katikati ya dashibodi. Mara ya kwanza mtu akisikia hilo ndani ya gari yake mwenyewe anazima, anawasha tena kuhakikisha. Ya sabufa fanya hivyo hivyo halafu geuza polariti, chanya na hasi, sikiliza wimbo wenye besi gita, upande ambao besi ina nguvu zaidi pale inapokutana na milango ndio huo.

SWALI: Ni sauti kiasi gani inaharibu masikio? Mimi natembea saa nzima kwenda kazini. – *Saa nzima*

JIBU: NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 una dakika 15 tu. Programu ya kupimia kwenye simu inakupa makadirio ingawa kwenye besi ya chini maiki ya simu haisomi vizuri. Kumbuka kwenye barabara kuu gari ya spoti tayari ina kelele zake za tairi na egzosti, na unaongeza muziki juu ya hizo. Masikio yakiwa yanalia ukishuka, umezidisha, punguza kesho yake.

SWALI: Bajeti ndogo, siwezi vyote kwa pamoja. Nikianza na sabufa kwanza ni sawa? – *Kidogokidogo*

JIBU: Anza mbele. Mati ya milangoni, spika nzuri za mbele, na ampu ya chaneli tano ambayo nne zake zinalisha milango na ya tano inasubiri. Lakini waya wa umeme, fyuzi na RCA ya sabufa vipitishe siku hiyo hiyo kwa saizi ya mfumo kamili, maana kufungua kapeti na siti ndio kazi kubwa na hakuna sababu ya kuifanya mara mbili. Muziki utausikia umebadilika bila sabufa, na boksi utalichora taratibu ukiwa umeshajua gari yako inapungukiwa wapi.